Barua Zote Zipitie kwa Mwenyekiti

Nilikulia karibu na Mogogosiek, katika nyumba isiyokuwa na sanduku la posta. Majirani nao hawakuwa nalo. Barua zetu sote ziliandikiwa sanduku la kanisa, na ufunguo ulikuwa kwa mzee mmoja wa kanisa. Jumapili baada ya ibada alisimama mlangoni na bahasha mkononi akaita majina ya wanaume. Hata barua ikiwa ya mama, aliyeitwa ni baba. Mama alikuwa na dada aliyeolewa upande wa Sotik, mtu wa kuandika sana, na kila barua yake ilimfikia mama ikiwa imeshafunguliwa, baba akiwa ameshajua nani anaumwa na ng'ombe wa nani amezaa. Baba hakuwa mtu mbaya. Alimsomea kwa sauti, polepole, mama akichambua mboga, ingawa mama alijua kusoma kuliko yeye. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo barua zinavyosomwa dunia nzima.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema kwamba kompyuta ndizo zilizotuharibia heshima. Heshima ile ilikuwapo kabla ya kompyuta, na mimi ndiyo iliyonimaliza.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja huko juu ya Kericho, idara ya mimea. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto wawili, na mume wangu alifundisha shule ya sekondari si mbali na Kabianga. Nilishughulikia ugonjwa unaoozesha mizizi ya chai. Huanzia kwenye visiki vya miti ya zamani, ukatambaa chini kwa chini, ukaua mche mmoja, kisha jirani yake, mpaka shamba linabaki na upara katikati. Shamba la mama yangu lilikuwa na upara wa namna hiyo. Kila nikienda kumwona alinipeleka kuutazama, akisubiri mtoto wake aliyesoma aseme dawa ni nini. Sikuwa nayo. Huko ng'ambo kulikuwa na profesa aliyejua ugonjwa ule kuliko mtu yeyote niliyemsoma, na nilikuwa nimeomba nafasi ya kufanya shahada ya udaktari kwake, kila kitu kikilipwa na mfuko wa ufadhili. Mfuko huo haukupokea watu waliopita umri fulani. Mimi nilikuwa naugusa umri huo, kwa hiyo mwaka ule ulikuwa wangu wa mwisho. Mume wangu alijua. Alisema tumwachie Mungu, nami nikachukulia kwamba amekubali.

Kompyuta zilikuja kwa lori siku ya mvua, nyingine zikiwa na vumbi la ofisi za watu wengine. Nyaya zilipigiliwa misumari kando ya dari ya korido. Mashine kuu iliwekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya chaki, nayo asubuhi na jioni ilipiga simu Nairobi, ikapeleka barua zetu na kuleta za wengine. Alasiri ilikuwa kazi bure, maana Kericho alasiri ni ya mvua ya mawe, na laini ya simu ilizimika hata kabla ngurumo haijafika.

Ili kutuwekea programu ya barua pepe, makao makuu ya chuo yalimtuma fundi, mama wa makamo, mfupi, mwenye sweta ya kijani na hasira za karibu. Alinipendeza papo hapo. Alikaa kando yangu akanifanya niandike kila kitu kwa mkono wangu mwenyewe. Programu iliuliza jina langu. Ikauliza jina la mashine inayopokea barua na ile inayotuma. Ikauliza neno la siri, na chini yake palikuwa na kisanduku kidogo cha kutia alama, kama ningependa programu ikumbuke neno hilo nisisumbuke kuliandika kila siku. Nikapeleka kipanya pale. Akanipiga kofi mkononi, kofi la kweli.

"Ukiweka hiyo alama," akasema, "mwenye atakalia hii kiti ndiye wewe."

Kisha tukaja kwenye neno lenyewe. Lisiwe jina la mtoto, akasema. Wala la ng'ombe. Nilimtazama, maana ng'ombe wetu ndiye niliyekuwa nimemchagua. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Alisema amezunguka matawi yote ya chuo, na kwetu sisi hahitaji utaalamu wowote: anamuuliza mtu habari za nyumbani, mtu anamsifu ng'ombe wake kwa jina, naye anaingia kwenye barua zake. Akanifundisha kutunga neno la herufi na tarakimu lisilo na maana kwa yeyote. Akaniagiza niiambie programu iache nakala kwenye mashine kuu, ili kompyuta yangu ikipigwa na radi nisipoteze kitu. Jambo moja alilikiri bila kuulizwa. Neno langu, kwa mitambo tuliyokuwa nayo, lilisafiri kwenye waya likiwa uchi, na mtu mwenye ujuzi angeweza kulinyaka njiani.

"Lakini hapa sioni mwenye anaweza," akasema akikusanya vyombo vyake. "Hapa mtaibiana na mdomo."

Siku kadhaa nilitembea nikijisikia mrefu. Nilikuwa na kitu ambacho mama hakuwahi kuwa nacho, mlango ambao ufunguo wake ulikuwa kichwani mwangu tu. Nilimwandikia profesa kumpa anwani yangu mpya, akajibu keshoye, nami nikalisoma jibu lake mlango wa ofisi ukiwa wazi, watu wakipita, bila mtu kujua nacheka nini.

Sasa nimfikie mwenyekiti wa idara. Alikuwa mtu mpole sana. Nataka hilo lieleweke, maana ningekuwa na adui mwenye roho mbaya ningeshapumzika. Alikuwa mzee wa kanisa pamoja na mume wangu, hakuwahi kupaza sauti, na mtu akifiwa yeye ndiye aliyefika kwanza na sukari na majani ya chai. Katika ofisi yake palikuwa na ubao wenye misumari, na kwenye misumari hiyo zilining'inia funguo za akiba za ofisi zetu zote. Katika mkutano wa idara alituomba kila mmoja amwachie sekretari neno lake la siri vilevile, kwa sababu mtu huweza kuugua au kusafiri na kazi ikakwama. Wenzangu hawakuona ubaya. Walisimama mmoja mmoja wakayataja maneno yao mbele ya kikao kizima, wengine wakicheka. Ng'ombe wengi walitajwa siku ile.

Zamu yangu ilipofika nilisema langu sitalitaja. Nilieleza kama fundi alivyonieleza, kwamba neno likijulikana na wawili si la siri tena, na kwamba mtu angeweza kuandika barua kwa jina langu. Nilizungumza vizuri, na nilijipenda nikizungumza. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, Madam," akasema. "Hakuna shida."

Jioni hiyo nilimsimulia mume wangu. Hakufurahi. Alisema nimemuaibisha mzee wa watu, na kwamba kuficha kitu mbele ya watu ni kuwaita wezi. Nikamwambia sikuficha kitu, nilifunga mlango wangu tu. Akauliza kuna nini ndani. Nikasema hakuna kitu, ni kazi. Tukaliacha hapo tukanywa chai.

Miezi ikapita. Barua zilinifikia. Zilichelewa kidogo kuliko mwanzoni, nami nikailaumu mvua. Matangazo ya mikutano yalikuja, maswali ya wanafunzi yalikuja, profesa aliandika kwamba maombi yangu yamesomwa, kisha kwamba yamependwa, kisha akanyamaza. Nilijua kamati zao huchukua muda. Kila asubuhi niliandika neno langu, herufi kwa herufi, mkono mmoja ukikinga mwingine ingawa ofisini nilikuwa peke yangu. Ndivyo nilivyokuwa mwangalifu.

Siku moja mwenyekiti alikwenda Bomet kwenye mazishi. Asubuhi hiyo nilipofungua programu, barua zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na mojawapo ilitoka kwa profesa. Alisema anasikitika sana. Nafasi ilitolewa kwangu, barua ya kunitaka nikubali ilitumwa, ikakumbushwa, na mimi sikujibu. Siku ya mwisho ilikuwa imepita. Kamati imempa aliyenifuata. Aliongeza kwamba anaelewa huenda nilikuwa na sababu zangu, na ananitakia heri.

Nilisoma nikidhani ni barua ya mtu mwingine iliyopotea njia. Nikasoma tena. Nikapekua programu yote, kila folda, hata ya takataka. Barua ile haikuwapo, wala ile ya kukumbusha. Nikaenda stoo ya chaki nikamwomba msimamizi aangalie nakala zangu kwenye mashine kuu, zile ambazo fundi aliniagiza niziache. Hazikuwapo pia. Hazikuwahi kufika.

Nilimpigia fundi kwa simu ya ofisi ya sekretari. Aliniambia nisubiri, nikasikia akigonga vibonye vyake.

"Madam, barua zako haziji kwako," akasema. "Zinaenda kwa chairman kwanza. Yeye ndiye anakupitishia."

Nilimuuliza nani alisema iwe hivyo. Alisema mwenyekiti mwenyewe alipiga simu makao makuu, akaongea na mkubwa wao, akaeleza kwamba ndivyo idara yetu inavyofanya kazi, kwamba barua zote hupitia kwa mwenyekiti. Mkubwa aliona ni jambo la kawaida akaagiza ifanywe. Yeye fundi alikuwa safarini. Alitukana kidogo, hakunitukana mimi, kisha akaniomba radhi, na ilikuwa radhi ya pekee niliyoombwa katika jambo lile lote.

Sekretari alikuwa amesikia kila neno. Alianza kulia kabla sijamgeukia. Alisema leo amezipitisha zote kwa sababu mzee hayuko na hakumwachia maagizo. Siku zote mwenyekiti husoma mwenyewe, za kazi anasema zipite, na ile kubwa yenye habari za masomo aliichapa kwa mkono wake akaitia mfukoni, na ile ya kukumbusha akasema haina haja ya kupita. Sikuweza kumkasirikia. Nikampa kitambaa changu.

Mwenyekiti aliporudi nilikuwa mlangoni kwake. Nilimuuliza kama barua yangu ya masomo ilikuja.

"Ilikuja, ndio," akasema, kwa uso mkunjufu kabisa. "Nikaiprinti vizuri, nikapatia mzee wako pale kanisani."

Nikamuuliza kwa nini mume wangu, na jina lililoandikwa ni langu.

"Madam, hiyo si jambo ya kupatiana kwa korido," akasema. "Hiyo ni miaka mingi, ni watoto, ni boma ya mtu. Ningekupatia wewe kwanza, mzee wako angesema mimi ndio nimevunja nyumba yake."

Alinivutia kiti. Akanieleza, kwa upole uleule, kwamba alidhani tulikaa chini tukaamua. Aliona siku zinapita na mimi nakuja kazini kama kawaida, akajua mama huyu amechagua watoto wake. Alisema aliniheshimu zaidi kwa hilo, na kwamba alilitaja jambo hilo kwa mke wake kama mfano mwema. Nilisimama pale nikiutazama ule ubao wa funguo. Nilitamani kumtukana, na ninajua matusi ya kutosha. Mtu akikudhulumu huku anakuheshimu, hakuachii pa kuanzia.

Nilifika nyumbani mume wangu akiwa nyuma, anamkatia ng'ombe majani ya nepia. Sikumsalimu. Nilisema naomba barua yangu. Hakuuliza barua gani. Aliweka panga chini, akanawa mikono, akaingia ndani, akarudi nayo kutoka mfuko wa ndani wa koti lake la Jumapili. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imelainika. Alikuwa ameisoma kuliko mtu asomavyo kitu asichokijali, na hilo liliniuma zaidi.

"Nilikuwa natafuta siku mzuri ya kukuambia," akasema.

Nilisubiri. Akaanza habari za watoto, za mama yake anayezeeka, za shule yake ambako wangemcheka. Ng'ombe alikuwa anavuta majani yaliyobaki chini ya mguu wake. Mwisho alisema jambo la kweli, na nampa haki yake kwamba alilisema.

"Nikikuambia, ungeenda."

"Ndio," nikasema. "Ningeenda."

Aliokota panga akarudi kukata nepia. Mimi niliingia jikoni nikawasha moto, kwa sababu watoto walikuwa na njaa na hawakuwa wamenikosea.

Nilimwandikia profesa nikamweleza, si yote, kwamba barua yake ilikawia mikononi mwa watu. Alijibu kwa wema. Alisema angefurahi nijaribu mfuko mwingine, na nilijaribu, lakini umri wangu ulikuwa umepita kila mahali nilipobisha. Baadaye nilisoma katika jarida kazi ya yule aliyechukua nafasi yangu. Ilikuwa kazi nzuri. Nililitafuta kosa ndani yake kwa wiki nzima na sikulipata.

Nilipomweleza mama, tulikuwa tumesimama ukingoni mwa ule upara wa shamba lake, ambao ulikuwa umekula mistari mingine. Hakuuliza nini kilikuwa kimeandikwa, wala ningekaa huko miaka mingapi. Aliuliza ilifunguliwa kwanza na nani. Nilipomjibu, alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mahali anapopajua, akarudi kuchuma. Kapu langu lilikuwa mgongoni, nikachuma naye mpaka mvua ikatutimua.

Fundi wa sweta ya kijani alikuja tena akang'oa mpango ule wote. Mwenyekiti hakumzuia. Alitangaza katika mkutano kwamba tangu siku hiyo kila mtu na barua zake, dunia imebadilika, na wenzangu wakampigia makofi kwa uungwana wake. Neno langu nililibadilisha nikaweka refu zaidi. Fundi alikagua kila kitu mara mbili akaniambia sasa hata yeye hawezi kuingia bila mimi. Nilimshukuru. Ndani ya sanduku hilo salama yalikuja matangazo ya mikutano, na ya mazishi.

Mwaka uliofuata, shule ya mume wangu ilimtaka awe na anwani ya barua pepe kwa mambo ya mitihani. Hawakuwa na kompyuta, kwa hiyo alikuja ofisini kwangu siku moja alasiri, mvua haijaanza. Alivua kofia mlangoni kama mgeni. Tulikuwa tunaishi pamoja kwa amani wakati huo, watu walitusifu. Nilimkalisha kando yangu nikamfungulia anwani, nikamwambia aandike neno la siri nami nitatazama pembeni.

"Aa, angalia tu," akasema, akaandika jina la ng'ombe wetu, akilisoma kwa sauti herufi kwa herufi. Programu ikauliza kama ilikumbuke neno hilo. "Weka hiyo alama. Mimi sina kitu ya kukuficha."

Nikaitia alama. Alitaka kujua kama inafanya kazi, nikamwambia nitamwandikia barua kutoka kwangu, aione ikifika. Nikafungua sanduku langu. Nilipoanza kuandika neno langu alijigeuza mzima mzima akaangalia dirishani, mikono magotini, kwa heshima kubwa, na hakurudisha uso mpaka niliposema nimemaliza. Akauliza kama kuna barua yoyote iliyonijia.

Palikuwa na tangazo la mkutano, na la mazishi. Nilimwambia hakuna.